Dereva Asiyenyanyuka

Wifi yangu ni mtu wa kukera. Naanza hapo kwa makusudi, maana siku hizi majirani wakimtaja wanashusha sauti kama wanamtaja marehemu, na marehemu si yeye. Yuko hapo chumba cha nyuma anakunja nguo, na akisikia nimempamba kupita kiasi atakuja kunisahihisha.

Jina la Lazima nilimpa mimi. Mdogo wangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimuuliza anafanya kazi gani, akasema anaandika masharti. Masharti gani, mama, ya mganga? Hakucheka. Akanieleza kwamba magari ya siku hizi yana visanduku ndani yake, kompyuta ndogo ndogo zilizojificha, hiki cha breki, hiki cha milango, hiki cha taa. Kabla kisanduku hakijatiwa kwenye gari la kweli, kuna mtu anayekaa na kuandika, sentensi moja moja, kinatakiwa kifanye nini na wakati gani. Kisha kompyuta nyingine inazisoma sentensi hizo na kukijaribu kisanduku. Kikitii, sentensi inawaka kijani. Kikikaidi, inawaka nyekundu. Huyo mwandishi ndiye yeye. Na sentensi zake zote zimejengwa namna moja: kama hiki kikitokea, basi lazima kile kifuate kabla ya muda fulani kupita. Kama, basi, lazima. Mwanamke mzima mwenye akili zake! Nilimvuta mdogo wangu pembeni nikamwambia hongera, umeoa kibao cha barabarani.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mbele ya nyumba, wao walikaa vyumba vya nyuma, ua ni mmoja na bomba la maji ni moja, kwa hiyo tulionana mpaka tukachokana. Nikisema nakuja sasa hivi, ananiuliza sasa hivi ni lini. Nikisema funika sufuria haraka, anauliza haraka kiasi gani. Hakuwa na dhihaka, wallahi, hapo ndipo nilipokuwa nachemka. Alikuwa anataka kujua kweli. Kazini kwao maneno kama haraka, kwa kawaida na ikiwezekana yamepigwa marufuku, kwa sababu kompyuta haiwezi kupima haraka. Wateja wangu walikuwa wanacheka mpaka wananiharibia mistari kichwani. Na mtoto wao, binti wa darasa la kwanza, akaidaka lugha ya mama yake yote. Anakuja na kichana mkononi: "Shangazi, kama nikimaliza uji, basi lazima unisuke kabla katuni hazijaanza." Sasa mtoto kama huyo utamjibu nini? Unamsuka.

Mdogo wangu alikuwa kinyume chao kabisa. Yeye ni dereva wa mabasi ya mjini, na tangu utotoni ni mtu wa kunyanyuka. Mgeni akiingia, ananyanyuka. Mzigo ukidondoka, ananyanyuka. Kwenye basi ndiyo usiseme: akimwona mzee anahangaika na kikapu, huyo kashuka, mama mwenye kigari cha mtoto, huyo kashuka. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba analipwa kuendesha lakini anafanya kazi ya upagazi bure. Abiria walimpenda mno. Walikuwa wanaacha basi la mbele kusubiri lake.

Kampuni ya wifi ilipopewa kazi ya kujaribu kisanduku cha breki cha mabasi mapya, mabasi yale yale ambayo mdogo wangu na wenzake wangekuja kuyaendesha, ilikuwa furaha humu ndani. Wakikaa mezani kula, Lazima alikuwa anamhoji mumewe kama polisi. Ukifika kituoni unafanya nini kwanza? Mguu unauondoa lini? Siku moja mdogo wangu akataja ule ubao unaoshushwa mlango wa kati ili kiti cha magurudumu kipande. Akasema yeye akishaushusha anakwenda kusukuma kiti mwenyewe.

"Unanyanyuka huku ubao uko chini?" wifi akauliza.

"Sasa mama wa watu nimwache aparamie peke yake?"

Lazima akaacha kula. Akanawa mkono, akafungua kompyuta yake pale pale, akaandika, kisha akatusomea. Naikumbuka mpaka leo, maana niliisikia tena mahakamani. "Kila mara dereva akiondoka kitini huku ubao ukiwa chini, lazima breki ya maegesho ijifunge kabla gari halijasogea."

Mdogo wangu akaweka mkono kifuani. "Dada, umesikia? Nimeandikwa. Hiyo ni sentensi yangu."

Akawa anaiulizia kama mtu anayeulizia matokeo ya mtoto wake shuleni. Sentensi yangu imefaulu? Bado. Imefaulu? Bado. Mpaka siku moja Lazima akarudi, akasimama mlangoni pa saluni, akasema neno moja tu, "Kijani," na mdogo wangu akamnyanyua juu mbele ya wateja, mwanamke mzito yule, mpaka nikapiga kelele kwamba mtanivunjia kioo.

Mabasi yakaja. Madereva wakapelekwa kufunzwa, na mwalimu wao akawaambia habari ya kushika ile nyenzo ya breki ya mkono kila kituo imepitwa na wakati: wewe nyanyuka tu, breki itajifunga yenyewe, utasikia upepo, psss. Mdogo wangu akaja na hiyo psss nyumbani. Akiinuka kwenye kochi, psss. Akitoka chooni, psss. Mtoto alikuwa anagaagaa chini kwa kicheko. Na mimi nilicheka, kwa nini nidanganye.

Siku yenyewe nilikuwa namsuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, asubuhi, redio imewashwa. Simu ikaita, nikaibana kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Alikuwa dereva mwenzake. Alisema njoo kliniki ya juu, dada, njoo upesi, na sauti yake ilinikata maini kabla hajasema kitu kingine. Mwalimu wa watu nilimwacha na kichwa nusu.

Kituo cha kliniki kiko mahali penye mteremko. Mdogo wangu alifika hapo, akaona bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu na mwanawe wa kiume anayemsukuma. Akashusha ubao. Akanyanyuka, akashuka, akashika kiti upande mmoja na yule kijana upande wa pili. Kiti kilipofika katikati ya ubao, basi likaanza kurudi nyuma. Taratibu, walisema waliokuwepo, taratibu kabisa, kama linafikiria. Ubao ukavutwa chini ya magurudumu ya kiti, bibi akaangukia kati ya basi na ukingo wa barabara. Mdogo wangu aliuacha mkono wake uingie huko akijaribu kumvuta. Nilipofika alikuwa amekaa chini, mkono umevunjika na kuning'inia, na alikuwa anasema, "Sikusikia psss. Dada, ubao ulikuwa unanguruma, sikusikia psss."

Bibi alifariki kabla hajafikishwa mlangoni mwa kliniki, na mlango wenyewe ulikuwa pale pale. Mungu amlaze pema. Nilimwona mwanawe amesimama na kile kiti kitupu, nikazunguka nikapita upande wa pili, mimi niliyezaliwa na mdomo usio na breki.

Mdogo wangu alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Wenye mabasi hawakupoteza muda. Walisema kisanduku hakina kosa, dereva aliacha gari bila kushika nyenzo, na kitabu cha mafunzo kinasema dereva ashike nyenzo kila mara. Yule mwalimu wao wa psss ghafla hakukumbuka kusema psss. Na ushahidi kwamba kisanduku ni kizima ulikuwa ripoti ya majaribio, sentensi zote kijani mwanzo hadi mwisho, na chini kabisa sahihi ya mwandishi. Sahihi ya Lazima. Nilipoambiwa nilikaa kwenye kiti cha wateja nikashika tama. Mkono wa mke ndio unaomfunga mume! Loo, nimeona mengi, hilo sikuwahi.

Dhamana ilipatikana, mdogo wangu akarudi nyumbani na mkono kwenye plasta, hali, hasemi. Akitaka kuinuka anatazama kwanza huku na huku. Mtoto akamfanyia psss mara moja tu, akaona sura ya baba yake, hakurudia.

Lazima alikwenda kazini kama kawaida. Siku ya pili akarudi mchana, saa ambayo harudi. Saluni ilikuwa na mteja mmoja chini ya mashine ya kukaushia, hasikii kitu. Wifi akakaa kwenye kile kiti kingine, akajitazama kwenye kioo.

"Wifi," akaniambia, "nikisema kila kipara aliyewahi kuingia saluni yako ametoka na nywele mpaka kiunoni, nimesema kweli au uongo?"

Nikadhani akili imeruka. "Uongo mtupu. Hapa hajawahi kuingia kipara."

"Basi nionyeshe kipara aliyetoka bila nywele."

"Nimekwambia hajaingia!"

"Ndiyo. Huna wa kunionyesha. Kwa hiyo kwa kompyuta nimesema kweli, na inawaka kijani." Machozi yakaanza kumtoka, na uso wake haukubadilika hata kidogo, yanateremka tu. "Sentensi yake ilikuwa hivyo."

Akanieleza, na alinieleza polepole nikaelewa. Kazini kwao hakuna basi. Kuna meza. Juu ya meza kimelazwa kisanduku cha kweli na nyaya zake, na kompyuta inakidanganya kwamba kiko ndani ya basi: inakitumia mwendo wa uongo, milango ya uongo, abiria wa uongo, na dereva wa uongo. Fundi aliyeipanga ile meza alifikiri kama mtu wa ofisini anavyofikiri. Dereva anabonyeza kitufe, ubao unashuka, dereva anasubiri kitini. Alimnyanyua dereva wake wa uongo ubao ukiwa juu, milango imefungwa, milango imefunguliwa, kila namna. Ubao ukiwa chini hakumnyanyua hata mara moja. Haikumjia kichwani kwamba yuko dereva wa kunyanyuka hapo. Sentensi ikasema, kila mara dereva akiondoka kitini huku ubao uko chini. Kompyuta ikatafuta hiyo mara, haikuiona, haikuona kosa, ikawasha kijani. Na kisanduku chenyewe, ubao ukiwa chini, kilikuwa kinashughulika na ubao na kumsahau dereva. Kwenye vituo vya tambarare hakuna aliyegundua, maana basi halikwenda popote.

Nikauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. "Na nyie wote mliosoma, hamna njia ya kujua kwamba kipara hajaingia?"

"Tunayo," akasema. "Kila sentensi ya kama tulikuwa tunaiandikia pacha wake. Pacha anauliza kitu kimoja tu, je, hiyo kama ilionekana? Isipoonekana, nyekundu." Akajifuta kwa kanga yangu ya begani. "Mkuu alisema mapacha wanajaza ripoti wekundu na kuwatia wateja hofu, tuwaondoe, tutawarudisha baadaye. Nikawaondoa. Nikatia sahihi."

Yule mkuu wao tulikuwa tunamwita Mzee wa Kijani, kwa jinsi wifi alivyokuwa akimsimulia: mtu wa suti safi, anapita kwenye madawati asubuhi anauliza kijani ngapi leo. Tulikuwa tunamcheka mezani. 

Na hasira zangu, kwa kuwa Mzee wa Kijani hakuwepo, zilimwangukia aliyekuwepo. Nilimwambia wewe! Wewe unayeniuliza haraka ni kiasi gani, wewe unayemrekebisha mtoto akiomba maji, siku ya mumeo ukakubali baadaye! Baadaye ni lini, Lazima? Hebu nipimie baadaye! Mteja wa kwenye mashine akatoa kichwa kutazama. Wifi akajifuta tena kwa kanga yangu. Alisema tu kwamba atasimama mahakamani aseme.

Mgumu akawa mdogo wangu. Sikutarajia. Jioni hiyo walikaa uani wote wawili na mimi nikajikalisha, hakuna aliyenifukuza.

"Hutasema kitu," mdogo wangu akamwambia mkewe. "Ukisema, unga wako unamwagika, na huenda wakakushtaki na wewe. Mmoja wetu abaki na mtoto."

"Kisanduku kiko kwenye mabasi yote," Lazima akasema. "Wenzako wananyanyuka leo. Wananyanyuka kesho."

"Nitawaambia wasinyanyuke."

"Utawaambia mmoja mmoja? Na wewe ungeambiwa ungeacha?"

Akautazama mkono wake wa plasta. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. "Mimi nyenzo niliiona, mama watoto. Iko pale pale mkono wa kulia. Nilipita nikaiacha kwa sababu nilikuwa na sentensi yangu."

Nikainuka nikaingia ndani, maana ningelia mbele yao na sitaki kuonekana.

Mzee wa Kijani naye hakulala. Alimwita Lazima ofisini, akamkalisha, akamwagizia chai. Hakumtisha. Alisema pole sana. Alisema meza inaweza kurekebishwa kimya kimya, mapacha watarudishwa, hakuna haja ya kelele. Halafu akasema, "Na ukienda kusema, wewe ni nani pale? Ni mke wa mshtakiwa. Umetia sahihi kwamba ni kizima, sasa mumeo yuko taabani unasema ni kibovu. Mimi nakuamini. Lakini hakimu?" Wifi aliniambia kwamba katika maneno yote aliyowahi kusikia kutoka kwa mtu yule, hayo ndiyo pekee aliyoshindwa kuyapinga.

Alikwenda. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu mtaani kuna wanaosema alikaa kimya, na wanaosema alimponza mume kwa kujifanya anajua, midomo haina kazi. Nilimfunga kichwa mwenyewe asubuhi ile. Mdogo wangu alipomwona anaingia na karatasi zake aliinamisha uso. Upande wa pili alikaa mwana wa yule bibi, peke yake kwenye benchi, amevaa shati jeusi.

Alijieleza vizuri. Ya vipara hakuyasema, mahakamani si saluni, lakini alieleza meza, dereva wa uongo, mapacha, yote. Hakimu alikuwa mtu msikivu, aliandika, akauliza. Kisha akasimama wakili wa wenye mabasi, kijana mpole, bila haraka.

"Sentensi hii ilijaribiwa?"

"Iliwekwa kwenye majaribio."

"Ilionyesha kosa?"

"Hapana, kwa sababu..."

"Nitakupa nafasi ya sababu. Ilionyesha rangi gani?"

"Kijani."

"Hii ni sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Siku unaitia sahihi, ulijua kwamba mapacha uliowataja hawamo?"

"Nilijua."

"Siku hiyo ulisema kisanduku ni kizima. Leo unasema si kizima. Kati ya siku hizo mbili, kitu gani kimebadilika, zaidi ya mumeo kukaa pale?"

Mtu mwingine yeyote angepiga kelele. Mimi ningemtupia kiatu. Lazima alifikiri, kama anavyofikiri akiulizwa swali lolote, na akajibu kweli tupu. "Mtu amekufa," akasema. "Nilikwenda kutazama. Ningetazama kabla, angekuwa hai."

Mwana wa marehemu akainua kichwa akamtazama. Alimtazama muda mrefu. Sijui aliona nini.

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Karani akasema, "Mshtakiwa asimame," na mdogo wangu akanyanyuka. Nilisikia benchi linalia alipoinuka, na wifi aliyekuwa kando yangu akashtuka mwili mzima, akanishika paja mpaka kucha zikaingia. Hakimu alisema maelezo ya shahidi kuhusu kisanduku ni mazito na atayapeleka kwa wanaokagua magari. Lakini alisema pia kwamba nyenzo ilikuwepo, mkono wa dereva ulikuwepo, na sheria inamwangalia aliyekaa kitini. Miaka minne. Mdogo wangu alisema asante, mheshimiwa. Nani anasema asante? Ndivyo alivyo, mjinga yule, hata hapo hakuacha adabu.

Lazima hakurudi kazini, barua ilimtangulia. Na hakuna ofisi nyingine ya kazi ile inayompokea, maana ni watu wachache, wanajuana, na habari zake zilifika kabla yake. Sasa ananisaidia saluni. Anaosha vichwa. Ana mikono mizuri, na wateja wanampenda kwa sababu hasengenyi. Mtoto amepunguza ule usemi wake. Juzi alianza, "Kama baba akirudi, basi lazima..." mama yake akaacha kufanya alichokuwa anafanya, akamwambia asimalize. Kwa upole tu. Mtoto akauliza kwa nini, na Lazima, mwenye jibu la kila kitu, akafungua bomba akaendelea kuosha kichwa cha mteja.

Tunakwenda kumwona pamoja, mimi na yeye. Tunabeba sabuni, mafuta, nguo za ndani. Mwezi uliopita tulikuwa tumesimama kituo cha hapa mtaani, ambacho nacho kina mteremko, si mkali, lakini upo. Likaja moja ya mabasi yale yale mapya. Yalikuwa yameondolewa barabarani kidogo kidogo, leo haya, kesho yale, bila tangazo, kisha yakarudi. Abiria mmoja, mwanamume asiye na mguu, alikuwa anasubiri kwenye kiti cha magurudumu. Dereva, kijana simjui, akashusha ubao.

Wifi akanishika mkono. Niliona midomo yake inakwenda bila sauti.

Yule kijana akajikuna shingo, akamtazama yule bwana, akatazama ubao. Akanyanyuka.

Psss.

Ubao ulikuwa unanguruma lakini tuliisikia, sisi wawili, sidhani kama kuna mwingine aliyejali. Kijana akateremka, akamsukuma bwana yule mpaka ndani, akamfungia mkanda, akamwambia neno wakacheka wote wawili. Basi halikusogea hata unywele. Lazima alilitazama gurudumu la nyuma wakati wote huo, hakupepesa.

"Imefunga," akasema.

Nilitaka kulipiga teke lile basi. Nilitaka kumwambia yule kijana anayecheka kwamba kunyanyuka kwake kumelipiwa na mdogo wangu. Badala yake nikaokota kifurushi cha sabuni, kwa sababu lilikuwa ndilo basi letu. Tukapanda, tukakaa viti vya mbele, na kijana alipokuwa akirudi kitini wifi alimwambia, "Asante, baba. Lakini na nyenzo uwe unashika."

Kijana akacheka. "Siku hizi haina haja, mama. Yenyewe inajifunga."

"Najua," Lazima akasema. "Ishike."

Akaitazama sura ya wifi, akaacha kucheka, akaishika. Kisha akaiachia, na tukaenda gerezani.